Hayupo, Lakini Yuko: Niliyojifunza Nikitafsiri Dodoso Kigoma

Mwaka juzi nilipewa kazi ya kutafsiri dodoso la kurasa 32 kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Utafiti ulihusu kaya za wavuvi wa dagaa kandokando ya mji wa Kigoma: wanakula nini, wanafanya kazi gani, nani anaishi na nani. Taasisi iliyonipa kazi siitaji. Sehemu kubwa ya kosa ninalolisimulia ilikuwa yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Baba yangu ni Mmanyema, mama yangu Muha wa Kasulu. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka sita, na mwaka 2022 nilikuwa karani wa Sensa. Nilipoliona dodoso lile nilisema moyoni, hii ndiyo kazi yangu, nani mwingine aifanye? Malipo yalikuwa laki nane, nusu mkononi na nusu baada ya kazi kukubaliwa. Nilijifungia chumbani siku kumi na mbili, nikiwa na kamusi mbili na chupa ya chai, nikamaliza.

Ninaandika kwa sababu naona vijana wetu wanapewa kazi kama ile kila kukicha, na wanaifanya kama nilivyoifanya mimi: mezani, mlango umefungwa.

Nilipokabidhi, taasisi ilimpa mtu mwingine, aliyekuwa Dar es Salaam, airudishe tafsiri yangu kwenye Kiingereza bila kuiona matini ya asili. Utaratibu huu huitwa tafsiri rejea, na kwenye tafiti unaheshimiwa sana. Kisha wakalinganisha Kiingereza chake na kile cha mwanzo mstari kwa mstari, wakakuta vinafanana karibu kila mahali. Nikaandikiwa barua pepe ya pongezi. Niliisoma mara mbili, nikamwonyesha na mume wangu.

Leo najua kwa nini vilifanana. Mimi na yule mwenzangu tulipita shule za aina moja na tunatumia kamusi zilezile. Neno nililoligeuza kwa mazoea ya darasani, naye alilirudisha kwa mazoea hayohayo. Kati yetu hapakuwa na mtu wa Kibirizi hata mmoja wa kutuambia kwamba neno hilo kwake ni jambo jingine kabisa.

Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji. Asubuhi mitumbwi inaingia na dagaa, wanawake wanawapokea, wanawaanika kwenye chanja au juu ya mchanga, na kufikia saa nne ufuo wote unameremeta kama mabati mapya. Harufu inakufuata hadi nyumbani, inaingia kwenye kanga na kwenye nywele. Hapo ndipo wadadisi wetu wanane walipoanzia, kila mmoja na kishikwambi chake, nami nikiwa nimeombwa kuwepo siku za mwanzo endapo kungekuwa na swali lisiloeleweka. Maswali yote yalieleweka. Watu walijibu haraka, bila kusita, na hilo ndilo lililotuponza.

Nianze na chakula. Dodoso lilitumia orodha ya makundi kumi ya vyakula, ile iliyotolewa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2016 kwa ajili ya kupima kama wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanapata mlo mchanganyiko. Unamuuliza mwanamke alikula nini jana, mchana na usiku. Akigusa makundi matano au zaidi, anahesabiwa kuwa amefikia kiwango cha chini. Jioni ya siku ya kwanza nilikaa na msimamizi kupitia majibu. Wanawake wengi waliandikwa kuwa jana yake hawakula nyama, kuku wala samaki. Karibu wote walikuwa wamekula mboga.

Nikashangaa. Kibirizi, watu hawakula samaki?

Kesho yake nikakaa pembeni ya mdadisi mmoja akimhoji mama wa makamo. "Mama, jana ulikula nyama, kuku au samaki?" Mama akatikisa kichwa. "Samaki nimtoe wapi mwanangu, bei yenyewe hii." "Mboga, je?" "Mboga nilikula." Sikuruhusiwa kuingilia mahojiano, lakini niliingilia. "Mboga gani, mama?" Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Dagaa."

Nilihisi joto limenipanda usoni. Tangu nimeota meno najua kwamba kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali. Dagaa ni mboga, maharage ni mboga, hata nyama ya ng'ombe ni mboga. Ukimuuliza mtu "leo mboga nini?" akakujibu "nyama", hakuna anayeshangaa. Na samaki, kwa mtu wa mwaloni, ni kuhe, ni sangala, ni mgebuka, yule anayenunuliwa kwa kuchaguliwa, anayekaangwa au kupikwa kwa mawese, mwenye miba ya kutoa. Dagaa ni dagaa. Yote haya nilikuwa nayajua, lakini nilipokaa mezani, kamusi ikiwa wazi mbele yangu, niliyasahau, nikaandika "mboga" mahali palipokusudiwa mchicha na matembele. Mwenzangu wa Dar es Salaam naye akaligeuza hilohilo "mboga" kuwa majani ya bustani. Kila kitu kikalingana.

Fikiria mtu anayezisoma takwimu hizo akiwa ofisini, ambaye hajawahi kufika Kigoma. Anaona wanawake wanaoishi mita hamsini kutoka ziwani hawali samaki, ila wanakula majani kila siku. Ataamini. Na dagaa walioanikwa na kugeuzwa na mikono ya wanawake wale, wakapikwa jioni kwa nyanya na mawese, kwenye hesabu hiyo hawapo.

Tulibadilisha. Penye samaki tukaandika "samaki wa aina yoyote, wakubwa au wadogo, wakiwemo dagaa, wabichi au wakavu". Penye mboga tukaandika "mboga za majani kama matembele, mchicha, sombe". Nakushauri, kama utatafsiri orodha ya vyakula, nenda kwanza sokoni jioni moja, uandike kinachouzwa na kinavyoitwa pale, na kila kundi ulitajie mifano mitatu au minne ya vitu vinavyopikwa kwenye mtaa huohuo. Usitosheke na jina la kundi.

Hapa niseme kitu kidogo pembeni. Ziwa Tanganyika ni moja, lakini lina nchi nne. Dagaa wetu, akivuka kwenda Burundi anaitwa ndagala, na kusini Zambia anaitwa kapenta. Mgebuka wa Kigoma, Bujumbura wanamwita mukeke. Wataalamu wa samaki nao wanasema ndani ya hilo neno "dagaa" la ziwani kwetu mna samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Kwa hiyo mtu mmoja anaona kitu kimoja, mwingine viwili, na samaki ni walewale waliovuliwa usiku uleule. Kabla ya kazi ile nilidhani majina ni vibandiko tu, unabandua hiki unabandika kile. Siamini hivyo tena.

La kazi lilikuwa baya zaidi kwa maana ya hesabu. Swali niliandika hivi: "Je, unafanya kazi?" Fupi, safi. Nilimkuta mwanamke ameinama juu ya chanja tangu alfajiri, anageuza dagaa, anafukuza kunguru, mtoto mgongoni, ana wateja wawili wanaosubiri kupimiwa kwa debe. Anaulizwa kama anafanya kazi. Anajibu, bila kuacha kugeuza, "Sina kazi, nipo nipo tu." Mdadisi akabonyeza "Hapana", na kishikwambi kikaruka maswali yote kumi na moja ya kipato.

Kwetu ukisema "kazi" kwa namna ile, watu wanasikia ajira: mshahara, ofisi, bosi. Anayejitafutia "anahangaika", "anajishughulisha", "yuko kwenye mihangaiko". Wataalamu wa takwimu za kazi duniani walikutana Geneva mwaka 2013, wakatenganisha mambo haya kwa makini: kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa ajili ya wengine au ya nyumbani kwako, ajira ni ile kazi inayofanywa kwa malipo au faida. Kwa kipimo chao, saa moja tu ndani ya siku saba inatosha kukuhesabu. Mwanamke yule alikuwa ameshatimiza saa tano za kazi kabla hatujamsalimu. Kwa neno langu moja tulimfuta kwenye orodha ya watu wanaozalisha, yeye na wenzake wote wa safu ile ya chanja.

Swali lililokuja kufaa lilikuwa refu na halipendezi kulisoma: "Katika siku saba zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya kukupatia chochote, kama kuanika dagaa, kuuza, kulima, kusuka, kupika vya kuuza, hata kwa saa moja?" Msimamizi alilalamika kwamba ni refu mno. Nikamwambia fupi tumeshaliona lilichofanya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sitalisahau.

Kwenye sehemu ya kaya, Kiingereza kiliuliza kama mkuu wa kaya yu hai. Nilipofika hapo mezani nilisita. Mke wa mtu, umfikie asubuhi, umuulize "Mumeo yu hai?" Kwetu huo ni uchuro. Hata kama ni utafiti, huwezi kumtamkia mtu hivyo. Nikatafuta neno la adabu, nikaandika: "Mkuu wa kaya yupo?" Majibu yalikuwa mawili, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Hapana, kishikwambi kinakupeleka moja kwa moja kwenye swali linalofuata: "Alifariki mwaka gani?"

Niliandika mistari ile miwili kwa mkono wangu. Imefuatana. Niliisoma nikaipita.

Siku ya tatu ilikuwa kipindi cha giza. Wavuvi wa dagaa wanategemea giza: mwezi ukiwa haupo, wanashuka ziwani jioni na taa zao, dagaa wanafuata mwanga, wanavuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika. Ukisimama Kibirizi usiku wa giza unaziona taa zimetapakaa majini kama mji mwingine. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, na kufikia saa nne asubuhi mitumbwi miwili ilikuwa haijarudi. Sisi hatukujua. Tuliona tu watu wachache wamesimama ufuoni wanatazama upande wa Kongo.

Kijana wetu, mpole, ametoka chuo juzi, alimfuata mwanamke aliyekuwa ameshika ungo wa dagaa wabichi. Akamwamkia vizuri, akajitambulisha, akaomba ridhaa. Nilikuwa hatua chache nyuma yao.

"Mkuu wa kaya yupo?"

"Hayupo."

Akabonyeza. Akasoma kilichotokea kwenye kioo, kwa sauti ileile ya upole.

"Alifariki mwaka gani?"

Ungo ukamtoka mikononi. Dagaa walimwagika juu ya miguu yake na miguu ya kijana. Hakupiga kelele mwanzoni. Aliuliza polepole, "Nani amefariki?" Halafu tena, "Mmeambiwa nini? Nyie mmetumwa na nani?" Kijana alibaki anaangalia kishikwambi. Ndipo yule mama akakaa chini mchangani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia kilio ambacho kila mtu wa ziwani anakijua, na wanawake wa chanja zote wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaja mbio. Wengine walianza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani. Mume wake alikuwa kwenye mmoja wa mitumbwi ile miwili.

Nilipiga magoti pale kwenye dagaa nikamshika mikono. Nilimwambia hatujaambiwa kitu, hakuna habari yoyote, ni karatasi imekosewa, ni mimi niliyekosea. Hakunisikia. Ilibidi mwenyekiti wa mtaa aje, aongee na watu mmoja mmoja, na muda wote huo macho ya wote yalikuwa majini. Mitumbwi iliingia karibu na adhuhuri. Injini ya mmoja ilikuwa imezima, na wa pili ulibaki kuuvuta. Sijui niseme nini kuhusu zile saa mbili. Nilizikaa pale ufuoni na sikuthubutu kuondoka.

Jioni nilikwenda na mwenyekiti kuomba radhi nyumbani kwa yule mama. Tulibeba sukari na sabuni, kama watu wanaokwenda kuhani, na huo nao nadhani ulikuwa ukosefu wa busara, ila sikujua kingine cha kubeba. Baba mkwe wake, mzee mvuvi aliyestaafu, alitupokea barazani. Nilimwamkia, nikajieleza, nikamwonyesha swali kwenye simu yangu. Aliomba nimsomee. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema:

"Binti yangu, mtu akiwa ziwani, hayupo, lakini yuko. Sasa nyie mmeuliza kama yupo."

Nimefundisha viambishi hivyo vitatu miaka sita. Po kwa mahali mahususi, ko kwa mahali pasipo dhahiri, mo kwa ndani. Nimesahihisha daftari kwa mamia. Mzee yule aliyeishia darasa la nne ndiye aliyenionyesha vinafanya kazi gani. Kiswahili hakina namna nyepesi ya kusema kitu kipo bila kukiweka mahali. Kila ukitaka kusema mtu anaishi duniani, lugha inakuuliza, wapi: hapa, huko, au humo? "Hayupo" linaweza kuwa ametoka kwenda dukani. Linaweza kuwa ametukimbia, ana mke mwingine Uvinza. Linaweza kuwa ni marehemu, na mjane hataki kulitamka neno lenyewe. Msikilizaji anayemjua msemaji atajua ni lipi kwa sauti na kwa macho. Kishikwambi kina Ndiyo na Hapana.

Sikulala vizuri wiki ile. Jirani yetu mmoja ni padri mstaafu, mtu wa vitabu, na ingawa mimi ni Mwislamu tunaheshimiana sana. Nikamsimulia. Aliingia ndani akatoka na Biblia ya Kiswahili, ile ya Muungano ya mwaka 1952, akanifungulia mwanzo wa Injili ya Yohana: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu, naye Neno alikuwa Mungu." Akaniambia kwamba Kigiriki cha asili kina kitenzi kimoja tu hapo, kimerudiwa mara tatu bila kubadilika. Waliotafsiri kwa Kiswahili walilazimika kuamua. Mara mbili wakatia ko, mara ya tatu wakaacha, maana hapo haisemwi Neno lilikuwa wapi, inasemwa lilikuwa nani. Halafu akanifungulia Kutoka, sura ya tatu, Musa anapouliza jina: "MIMI NIKO AMBAYE NIKO." Hawakuandika "nipo". Padri alisema, nami nakubaliana naye, kwamba "nipo" lingemfunga kwenye kile kichaka kinachowaka. Ingawa sisi mtaani tukimfariji mtu twamwambia "Mungu yupo", na hapo tunamaanisha hasa kwamba yupo hapahapa, karibu na wewe.

Ndiye pia aliyenitajia Alexis Kagame, padri na msomi wa Rwanda, ambaye mwaka 1956 alichapisha kitabu juu ya falsafa ya kuwapo kwa kufuata sarufi ya Kinyarwanda. Kagame aligawa vyote vilivyoko katika mafungu manne, yote yakiwa na shina -ntu: umuntu, chenye akili; ikintu, kisicho na akili; ahantu, mahali na wakati; ukuntu, namna. Alisisitiza pia kwamba katika lugha hizi kitenzi cha kuwa hakisimami peke yake, lazima kifuatwe na sifa au mahali. Kirundi, ambacho Muha hukisikia bila mkalimani, kinasema kubaho kwa maana ya kuishi, na hiyo ho ya mwisho ni mahali. Kuishi ni kuwa hapo.

Simfuati Kagame hadi mwisho wa njia. Kutoka kwenye sarufi hadi kwenye imani ya kila anayeitumia ni mbali, na wapo waliompinga kwa hoja nzito, akiwemo mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin. Mama yule wa Kibirizi hana falsafa yake ya peke yake kuhusu uhai. Alijua vizuri tofauti ya mume aliye ziwani na mume aliyekufa kuliko yeyote kati yetu. Swali langu ndilo lililoshindwa kuzitenganisha, na lilishindwa kwa sababu nilichukua swali la lugha inayoweza kuuliza juu ya uhai bila kuuliza mahali, nikalimimina kwenye lugha isiyofanya hivyo, halafu nikafunika kwa adabu.

Gharama nizitaje wazi. Majibu ya siku tatu katika sehemu za chakula, kazi na kaya yalitupwa. Wadadisi walilipwa posho za kurudia, na kwenye awamu yangu ya pili ya malipo walikata laki mbili. Sikubishana. Nilichobishana nacho ni kwamba taasisi haikuwa imetenga hata siku moja ya majaribio kabla ya kuingia uwanjani, nami sikuuliza. Ukipewa kazi kama hii, kabla hujasaini, dai siku nne za majaribio mtaani na posho yake, iandikwe kwenye mkataba. Wakikuambia tafsiri rejea itatosha, wasimulie habari ya mboga.

Kwenye majaribio hayo usimuulize mtu "umeelewa?" Atakwambia ndiyo, kwa heshima. Msomee swali, kisha mwombe, "Hebu niambie kwa maneno yako, hapa nimekuuliza nini?" Hilo moja, tulipokuja kulifanya baadaye, lilitusaidia kuliko kamusi zangu zote. Kwa njia hiyo tuligundua kwamba swali langu la sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, lilikuwa halifiki popote. Mama mmoja alijibu, "Huo ugonjwa huku haupo." Alipoombwa aeleze ameulizwa nini, alisema hajui, ila kama tunauliza juu ya mawazo, mawazo anayo, tangu azike mwanawe halali, na ugali haushuki. Tukaandika "mawazo mengi", "moyo kuwa mzito", "kukosa usingizi", na watu wakaanza kusimulia mambo ambayo wadadisi wengine walishindwa kuyasikiliza bila kutoka nje kwanza.

Na pita kwenye kila njia ya mruko, yaani kila mahali jibu linapokurusha kwenye swali jingine. Usitafsiri swali peke yake. Tafsiri swali pamoja na linalofuata baada ya Ndiyo na linalofuata baada ya Hapana, uyasome kwa sauti mfululizo, mbele ya mtu. Ningeyasoma yale mawili kwa sauti mbele ya mama yangu, angenizuia.

Lipo ambalo sijalitatua mpaka leo, nalo ni kaya. Tulieleza kaya ni watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Mvuvi mwenye mke Kibirizi na mke Katonga anakula vyungu viwili. Kila mke alimtaja kwake, na alikuwa sahihi. Kwenye takwimu ametokea watu wawili, na nilipomuuliza msimamizi tufanyeje, alisema tuache hivyo.

Swali la mkuu wa kaya tuliliandika upya pale barazani kwa mzee, yeye akisema, mimi nikiandika. "Mume wako yuko wapi siku hizi?" Hakuna Ndiyo wala Hapana. Mdadisi anasikiliza, kisha anachagua mwenyewe: yupo nyumbani, yuko ziwani au safarini, anaishi kwingine, wameachana, amefariki. La mwisho halisomwi kwa sauti kamwe.

Tulirudi Kibirizi wiki mbili baadaye, mwezi ukiwa umejaa na mitumbwi imepandishwa mchangani. Yule kijana aliomba asiende kwenye nyumba ile, kwa hiyo nilikwenda mimi. Yule mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nilimsalimu, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikawasha kishikwambi, nikamuuliza swali letu jipya. Alinitazama muda mrefu kidogo, kisha akaelekeza kidevu kwenye pazia lililo nyuma yake.

"Yumo ndani, amelala," akasema. "Tuongee taratibu."